Mfukoni Nina Darubini

Niko juu ya jabali la Nzambani, jasho linanitiririka baada ya kupanda zile ngazi za chuma, na tayari nimekata shauri: leo simu haitoki mfukoni. Mkononi nina Lumix TZ99 ya Panasonic, iliyotangazwa mapema mwaka wa 2025, na mbele yangu Kitui imetandazwa kama mkeka. Kule chini kuna njia ya vumbi, na kwenye njia, kidoa cheusi. Nikavuta. Kidoa kikawa bodaboda. Nikavuta tena. Bodaboda ikawa na abiria wawili, gunia, na jogoo aliyefungwa miguu akining'inia kwenye usukani! Nilicheka peke yangu kama mwehu. (Wenyeji husema ukilizunguka jabali hili mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Sikuzunguka hata nusu. Nina mke na mahari bado sijamaliza.)

Siri ni lenzi. Inaanzia milimita 24, upana wa kumeza jabali pamoja na ukoo mzima uliopanga mstari chini yake, kisha inavuta hadi milimita 720. Mara 30! Na yote hayo yamo ndani ya kitu cha gramu 322, uzito wa embe moja nono la Makueni. Nimewahi kushika Nikon P1000 inayofika milimita 3,000, nikatamani kulala nayo, lakini ile ni kilo moja na nusu hivi. Hiyo si kamera ya likizo, ni mtoto wa kubeba mgongoni. Canon SX740 nayo ni nyepesi na inakwenda mbali zaidi, milimita 960, ila skrini yake haiguswi, na mimi kidole changu kimeshazoea kugusa.

Wajuzi watakuja mbio: sensa yake ni ndogo! Kweli, ni ndogo. Sensa ya inchi moja, kama ile ya Lumix TZ200 au Sony RX100 VII, ina eneo karibu mara nne ya hii, na jioni tofauti huonekana. Lakini TZ200 inakomea milimita 360 na hiyo Sony milimita 200. Nami nauliza: Ukambani tunapiga picha za nini? Vilima, mito iliyokauka, mibuyu iliyosimama peke yake, ndege asiyetaka mazoea. Vyote viko mbali, na jua tunalo la kugawa. Hapa anayefika mbali ndiye mwenye picha.

Ushahidi niliupata barabarani. Tulishuka kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha, tukavuka mto Athi kuingia Makueni, na karibu na Kibwezi hondohondo mwenye mdomo mwekundu alitua juu ya mbuyu. Kwa simu angekuwa nukta. Mimi nilipata hadi kope zake. Kope! Ndege ana kope ndefu kuliko za bibi harusi, na miaka yote hii sikujua.

Sasa somo nililolilipia kwa picha zisizopungua hamsini: ukivuta hadi mwisho saa saba mchana, vilima vya Chyulu hucheza kama vimewekwa juu ya jiko. Nikaisingizia kamera. Kumbe ni hewa yenyewe, joto likipanda kutoka ardhini na kupinda mwanga, na hakuna lenzi duniani, hata ya bei ya shamba, inayoweza kuinyoosha. Kesho yake niliamka saa kumi na moja. Kabla ya saa moja asubuhi hewa ilikuwa imetulia, na Kilimanjaro ikatoka nyuma ya mawingu, mita 5,895, na barafu yake kidogo iliyobaki. Nilivuta mpaka nikaona mikunjo ya mlima. Niliwaamsha watu wote. Hakuna aliyenishukuru.

Jambo moja nitalinung'unikia. TZ95 iliyoitangulia ilikuwa na kitundu cha kuchungulia, hii hawakuiwekea. Mchana mkali wa mji wa Wote, unalazimika kuisoma skrini kwa kuikinga na kofia. Na ujue kwamba ukifika milimita 720, mwanga unaopita kwenye lenzi ni kama robo tu ya ule unaopita ukiwa milimita 24, kwa hiyo harusi ya usiku iachie simu. Vumbi nalo! Kamera yangu ya zamani, ambayo jina lake nalisitiri, ilikufa lenzi ikiwa nje baada ya siku mbili kwenye tingatinga la mjomba. Hii inalala ndani ya soksi safi. Lakini furaha iliyoje! Inachajiwa kwa waya wa USB-C, waya uleule wa simu: chaja moja, mkoba mmoja, hakuna kuombana.

Picha bora ya safari nzima, hata hivyo, si ya mlima. Susu, nyanya yangu, alikuwa uani akitwanga mahindi ya muthokoi. Ukimsogelea na simu, hunyooka na kukaza uso kana kwamba anapigwa ya kitambulisho. Nilikaa chini ya mwembe, hatua arobaini hivi kutoka kwake, nikavuta taratibu. Mchi juu, kitambaa kimeteleza, anamcheka kuku aliyedokoa. Nikaibusu kamera.

Nilipomwonyesha, aliitazama skrini kwa muda mrefu, akanirudishia, akaingia ndani. Alitoka na leso mpya, amejifunga kilemba, akasimama wima mbele ya mlango.

"Haya," akasema, "sasa nipige ya ukweli."