Kila Somo na Hodi Yake

Ukipita jioni pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye vimbweta, zile meza za zege wanazokaa wanafunzi kujisomea, huenda ukamkuta kijana wa mwaka wa kwanza wa biashara amezungukwa na karatasi zisizo na undugu: leja, maswali ya takwimu, swali la sheria ya mikataba na insha ya masomo ya maendeleo. Zote zinakusanywa wiki hiyo hiyo. Wazazi humpa pole kwa wingi wa kazi. Mimi nampa heko kwa jambo jingine, ambalo halitaonekana kwenye matokeo ya muhula: namna anavyofunga leja na, muda si mrefu, kuanza kufikiri kama mwanasheria. Kila somo ni nyumba yenye hodi yake, na adabu ya nyumba moja huweza kuwa utovu wa adabu kwa jirani.

Huwa nawashauri vijana waanze na uhasibu, kwa sababu kati ya masomo hayo manne ndilo linalomwambia mtu bila kumung'unya maneno kwamba amekosea. Urari ukikataa, umekataa. Mafundi wa kazi hii hawaanzi upya. Wanaitazama kwanza tofauti. Upande wa debiti ukizidi kwa 90, wanaigawa kwa 9. Ikigawanyika, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi upande wa krediti: 540 imeandikwa 450. Wasipoona kitu huko, wanaigawa kwa 2 na kuitafuta 45, maana pengine kiasi kilichotakiwa kwenda krediti kimeingizwa debiti. Kuna raha yake kuisaka shilingi 90 saa tano ya usiku na kuikamata. Lakini raha hiyo ina hila. Mauzo ambayo hayakuandikwa kabisa hayauharibu urari. Pande zote mbili zinanyamaza sawasawa. Aliyelishika hilo ameondoka na kitu kitakachomfaa mbele ya safari.

Takwimu nazo. Swali linasema mfanyabiashara amenunua sukari iliyoandikwa kilo 50 kwa mfuko. Amepima mifuko 10. Wastani ni kilo 49.2 na mkengeuko sanifu ni kilo 1.2. Mwenye haraka anadaka kikokotoo. Anachukua upungufu wa 0.8, anaugawa kwa 1.2 iliyokwisha kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 10, anapata t ya hasi 2.11. Hadi hapo hata mashine ingeweza. Sasa anafungua jedwali, mstari wa 9, na anatakiwa kurudi kulisoma swali. Kama linauliza iwapo wastani wa mifuko ni tofauti na kilo 50, kizingiti cha asilimia 5 ni 2.262, na ushahidi hautoshi. Kama linauliza iwapo mifuko inapunja, kizingiti ni 1.833, na muuzaji ana kesi ya kujibu. Sukari ile ile, mizani ile ile, hukumu mbili. Wala hairuhusiwi kuchagua swali baada ya kuchungulia jibu, ingawa nawajua watu wazima wenye shahada wanaofanya hivyo mchana kweupe.

Kipimo hicho cha t kilitoka kwa mtu aliyezoea kuhama nyumba. William Gosset alisomea hisabati na kemia Oxford, akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Majaribio ya shayiri na bia yalimpa vipimo vichache tu, naye akatafuta hesabu ya kuvitendea haki vichache hivyo. Mwaka 1908 aliichapisha bila jina lake, kwa kuwa kiwanda hakikutaka wafanyakazi wajitangaze kwenye majarida. Alijiita Student tu, mwanafunzi.

Anayetoka hapo akabisha hodi kwenye sheria huku bado anatafuta namba ya mwisho, atahangaika. Sheria yetu ya mikataba ni ya asili ya Kiingereza iliyopitia India, ndiyo maana kijana wa Dar es Salaam bado anasoma habari za Bibi Carlill wa London. Kampuni moja iliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayeugua homa ya mafua baada ya kutumia kifaa chake cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Mama huyo alikitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema tangazo lilikuwa mbwembwe tu. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ilimpa ushindi, na miongoni mwa yaliyoiponza kampuni ni maneno yake yenyewe kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Mwanafunzi dhaifu huandika kwamba Bibi Carlill alishinda, basi na mteja wetu atashinda. Fundi huuliza: katika tangazo la mteja wetu, zile pauni 1,000 ziko wapi?

Insha ya maendeleo inataka ujadili, kwa mfano, hoja za Walter Rodney, aliyefundisha hapo hapo Mlimani na kuchapisha mwaka 1972 kitabu chake kuhusu Ulaya na uchumi wa Afrika. Sekondari zetu zimetuzoesha kumwaga pointi sita na hitimisho. Ugonjwa huo hupona taratibu. Hapa ndipo leja inapomfaa mtu: insha inaweza kulingana vizuri, faida tatu kwa hasara tatu, na bado muamala wenyewe haukuandikwa. (Kazi za vikundi siziingizi kwenye sifa hizi. Jalada lina majina kumi, aliyekesha ni mmoja.)

Mwingine aliyehama nyumba kwa nyumba ni George Pólya. Mhungari huyo, aliyeandika mwaka 1945 kitabu mashuhuri cha kutatua maswali ya hisabati, alianza chuo na sheria, ikamchosha, akahamia lugha na fasihi, kisha falsafa, ndipo akatua kwenye hisabati. Sidhani ni bahati tu kwamba hatua ya kwanza aliyoifundisha ni kulielewa swali, na ya nne ni kurudi kulikagua jibu.

Hiyo ya nne ndiyo inayorukwa, kwa sababu zamu yake hufika saa nane usiku. Kwenye insha si kazi kubwa: futa aya ya kwanza, aghalabu haikuwa na kazi. Kwenye sheria ndiko kwenye jasho. Inabidi uhamie upande wa kampuni ya moshi, macho yakiwa mazito, ujaribu kuibomoa hoja uliyoijenga tangu saa mbili, na ikibomoka, uchukue karatasi nyingine.