Kufuta Safari

Ukitaka kumpima fundi wa mitandao, usimuulize ameongeza nini. Muulize amefuta safari ngapi.

Kabla ya KIXP, kituo cha Kenya ambapo kampuni za intaneti hubadilishana data, barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani anayetumia kampuni nyingine ilipanda setilaiti, ikatua ng'ambo, ndipo ikarudi. KIXP ilifunguliwa 2000, haikukaa ikafungwa na mdhibiti wa mawasiliano, ikarejea 2002. Leo hata Goma ina kituo chake, GOMIX.

Wingu la kompyuta nalo liliugua ugonjwa huohuo, tena ndani ya chumba kimoja. Katika OpenStack ya mwanzo, programu huria ya kuendesha wingu, ruta pepe zilirundikwa kwenye seva ya kati. Mashine pepe mbili zinazolala ndani ya seva moja, ila katika mitandao midogo tofauti, hazikuweza kusemezana bila kupitia huko: kama majirani wa Masisi-Centre washuke kwanza Goma kugongewa muhuri ndipo waombane chumvi.

Oktoba 2014 toleo la OpenStack liitwalo Juno likaleta DVR, yaani ruta pepe iliyosambazwa. Ruta ikahamia kwenye kila seva yenye haipavaiza, ile programu inayogawa seva moja kwa mashine pepe nyingi. Hapa ndipo ninapovua kofia. Kila seva inabeba ruta ileile: IP moja, MAC moja (anwani ambayo swichi huitambulia). Mashine pepe ikihamishwa usiku inakuta lango lake huko iendako, wala haishtuki. Lakini swichi ikiona MAC moja ikichomoza kwenye milango kumi itavurugikiwa. Basi pakiti inapotoka, inavuliwa MAC ya ruta, inavishwa MAC ya seva hiyo peke yake. Ikifika, inarudishiwa ya awali. Mteja hajui lolote.

Sisi wa Masisi na Walikale hatudanganyiki na jina la wingu: limejengwa kwa madini ya kwetu. Koltani ya Rubaya inatoa tantali ya kapasita, kaseteriti ya Bisie inatoa bati ya kulehemu. Anayetumia vizuri seva aliyonayo namheshimu kwa sababu hiyo pia.

Si kila kazi ya ruta ilihama, na hilo nalisifu vilevile. Mashine iliyopewa anwani yake ya hadhara hutokea nje palepale ilipo. Zisizo nayo zinagawana anwani moja, na kumbukumbu ya nani aliomba nini haina budi kukaa mahali pamoja. Hizo ziliachwa zipange foleni kwenye seva ya kati.