Sultani Mkarimu na Watu Ishirini

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilifundisha historia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na kila mwaka nilifika kwenye kisa kile kile: Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alivyofika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Kisa chenyewe ni kitamu. Fakiri wa Yemen anamsimamisha Sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani anarudi, anabadili nguo, anampa. Fakiri anazifunga, anajitwika kichwani, anakwenda zake. Watu wanasifu. Mtoto wa Sultani anazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Na Sultani, aliposikia jinsi alivyosifiwa, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ubaoni niliandika: "Taja sifa mbili za Sultani wa Kilwa." Jibu lilikuwa ukarimu na unyenyekevu. Mwaka mmoja binti wa darasa la sita, mtoto wa wakulima wa mpunga wa huku kwetu Mpimbwe, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hao watu ishirini walikuwa akina nani?" Nikamwambia akae chini, swali hilo halitoki kwenye mtihani. Darasa likacheka, nami nikacheka.

Kilwa nilikuja kuiona mwaka 2019, nimekwisha kustaafu, shanta mgongoni kama kijana wa JKT. Sitamchosha msomaji na safari yote. Basi la kutoka Majimoto kwenda Mpanda hupita Kibaoni na Sitalike, ndani ya mbuga ya Katavi, ambako mbung'o hupanda bila nauli. Kisha Tabora, kisha Dar es Salaam, na Mbagala nikapanda basi la kusini. Rufiji tuliivuka kwa daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mama mmoja jirani yangu alinieleza walivyokuwa wakilala kando ya mto kungoja kivuko. Nangurukuru tukakata kushoto kwenda Kilwa Masoko, na kesho yake mashua ikanivusha hadi Kisiwani.

Katika shanta nilikuwa na kurasa za Ibn Battuta zinazohusu pwani yetu, kwa tafsiri ya Kiingereza. Naona haya kusema kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzisoma zote. Nilikuwa nikifundisha kipande.

Msikiti Mkuu na makuba yake wengine wamekwisha kuusifu, na unastahili. Mimi nilikaa Husuni Kubwa, jumba la Sultani huyo huyo, juu ya jabali linaloitazama bahari. Vyumba vyake vinazidi mia. Kila mgeni huonyeshwa bwawa la pembe nane, na kila mgeni hupiga picha. Lakini upande wa kusini uko ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, ambao Neville Chittick, aliyechimba hapo miaka ya 1960, aliuona kuwa mahali pa biashara na ghala. Huko ndiko nilikofungulia karatasi zangu.

Mistari michache tu kabla ya habari ya fakiri, Ibn Battuta anasema waziwazi kwamba Sultani alikuwa akizivamia nchi za Wazanji mara kwa mara na kuteka nyara, na kwamba fungu la tano la nyara hizo alilitenga, na sehemu ya fungu hilo akawapa masharifu waliomjia kutoka Iraki na Hijazi. Basi chanzo cha ukarimu kimo humo humo kitabuni. Hakufichwa mtu. Sisi walimu ndio tuliokata mstari huo, tukabakiza nguo.

Hata hivyo simwachi msafiri aende bila lawama. Alikuwa mgeni aliyepokewa vizuri, na asifuye mvua imemnyea. Tena alimsimulia mwandishi wake, Ibn Juzayy, kazi iliyomalizika mwaka 1355, miaka ishirini na minne baada ya kuiona Kilwa. Angalia alichokumbuka. Nguo anazieleza zilivuliwa wapi, zilifungwaje, zilibebwaje. Pembe nazo zina maelezo yake, kwamba zawadi za huko aghalabu zilikuwa pembe na dhahabu kwa nadra. Watu ishirini wamepata tarakimu tu.

Sidai kwamba walitoka huku kwetu. Karne ya 14 ni mbali mno. Ila mtoto wa huku amekua akisikia habari za Karema, ambako wamisionari wa White Fathers tangu 1885 walikusanya watoto waliokombolewa utumwani. Kwake yeye mtumwa si neno la msamiati.

Na Daud, ndugu aliyemrithi Sultani! Huyu nilimfundisha kuwa mfano wa uchoyo, maana alikuwa akimwambia mwombaji kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu. Lakini Husuni Kubwa, kwa ushahidi wa wachimbaji, haikumalizika, wala haikukaliwa muda mrefu. Nikitazama zile kuta najiuliza kama Daud hakuwa akisema kweli tupu, nami nikamnyima maksi bure.

Niliporudi nilimtafuta yule binti. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, ana mashine ya kukoboa mpunga hapa Majimoto. Nilimsomea mstari ule wa nyara, nikamwomba radhi. Alizima mashine ili anisikie, akaniambia, "Shikamoo tena, Mwalimu." Kisha akauliza kama kitabu kinasema walikuwa akina nani. Nikamwambia hakisemi. Akaguna, akaiwasha mashine, maana wateja walikuwa wanangoja.