Mchumia Juani Hulia Wapi? Uhakiki wa Hoja ya Kilimo katika Azimio la Arusha

Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Sentensi hii hufungua hotuba za bajeti, vitabu vya shule na insha nyingi za wanafunzi wenzangu. Tumeizoea kiasi kwamba hatuulizi tena inasema nini. Katika makala hii ninalichunguza andiko la Kiswahili ambalo lilijaribu kuieleza hoja hiyo kwa kina, nalo ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nalisoma nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili na uchumi nchini Uganda, nchi ambayo kahawa yake imelipa gharama nyingi za serikali tangu enzi za ukoloni. Swali langu ni hili: je, andiko hili linatueleza namna kilimo kinavyoweza kukuza uchumi wa nchi changa, au linatueleza tu kwamba mkulima afanye kazi zaidi?

Kwa wasiolisoma, Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5. Wengi hulikumbuka kwa sababu ya ujamaa, miiko ya viongozi na kutaifishwa kwa mabenki. Sehemu inayonihusu hapa ni ile ya siasa ya kujitegemea. Humo TANU inasema kwamba taifa maskini limekosea kwa kuifanya fedha kuwa silaha yake kuu, kwa kuwa fedha ndicho kitu ambacho halina. Inasema pia kwamba kuvikimbilia viwanda mapema ni kosa, na kwamba maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kwa kuwa ardhi ipo na watu wapo, kilimo ndicho msingi.

Nguvu kubwa ya andiko hili, kwa mtazamo wangu, ni pale linapofuata njia ya deni. Linaeleza kwamba mikopo ya nje hutumika zaidi mijini, kwa barabara za lami, hospitali, umeme na viwanda, lakini hulipwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo hutoka wapi? Hutoka katika mazao yanayouzwa nje, yaani kwa mkulima. Hivyo andiko linaonya kwamba watu wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa watu wa vijijini. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Azimio linatuonyesha hali ambayo mmoja anachumia juani na mwingine ndiye anayelia kivulini.

Historia ya Uganda inathibitisha onyo hilo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, serikali ya kikoloni ilinunua pamba na kahawa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko la dunia, na ziada ikawekwa katika mifuko iliyoitwa ya kumsaidia mkulima bei ikishuka. Sehemu ya ziada hiyo iliishia katika matumizi ya serikali. Baada ya uhuru bodi za mazao ziliendelea na utaratibu ule ule wa kumpangia mkulima bei. Bendera ilibadilika, mizani ikabaki ile ile.

Hata hivyo, hapa ndipo udhaifu wa Azimio unapoanza. Likishaonyesha kwamba mkulima ananyonywa, tungetarajia liseme namna ya kumlinda kwenye bei. Badala yake, linageukia jasho. Linahimiza watu wafanye kazi kwa bidii na maarifa, watumie jembe kubwa, plau ya ng'ombe, mbolea na dawa za wadudu. Linawasifu wanawake wa vijijini, ambao linasema hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, na linawakemea wanaume wanaopoteza muda kwa ulevi na porojo. Sifa hiyo ni ya haki, na ni jambo la maana kwamba chama kiliihesabu kazi ya mwanamke wakati ambapo wachumi wengi hawakuiona. Lakini andiko linahesabu saa bila kuhesabu malipo. Halisemi ni nani anayepokea fedha gunia likishauzwa, wala gunia hilo liuzwe kwa nani na kwa bei iliyopangwa na nani.

Mtu anaweza kusema kwamba namlaumu mwandishi kwa jambo ambalo wakati wake halikuwa limefikiriwa. La hasha. Mwaka 1949, miaka 18 kabla ya Azimio, ghasia zilizuka Buganda. Miongoni mwa madai ya wakulima, wakiwemo wa chama kilichoongozwa na Ignatius Musazi, lilikuwamo dai la kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza bila kupitia kwa wale waliohodhi biashara hiyo. Wakulima hao hawakuomba kufundishwa bidii. Waliomba kinu na mizani. Walijua kwamba faida haikai kwenye kuvuna peke yake, inakaa pia kwenye kuchambua, kukoboa na kuuza. Ndiyo maana miaka ya 1950, sheria ya ushirika ilipolegezwa, vyama kama Bugisu Cooperative Union vilishika biashara ya kahawa kwa nguvu.

Nadharia nayo inatusaidia kuuona upungufu huu. Mwaka 1961 wachumi Bruce Johnston na John Mellor walitaja michango mitano ya kilimo katika maendeleo, ambayo wengi wetu tumeikariri darasani: chakula, fedha za kigeni, nguvukazi, mtaji, na soko la bidhaa za viwandani. Tukiitazama vizuri, minne ya kwanza ni vitu vinavyoondoka shambani. Wa tano ni tofauti, kwa sababu hauwezekani mpaka fedha irudi shambani. Mkulima asiye na fedha hanunui bati, baiskeli wala sabuni, na kiwanda cha nchini kinakosa mteja. Kwa hiyo bei nzuri kwa mkulima si huruma. Ni sharti la viwanda vyenyewe kukua. Azimio linaieleza vizuri michango minne na kuupita huu wa tano.

Matokeo yake tunayajua. Nchini Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na mamlaka za mazao zikachukua kazi yao, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Sidai kwamba Azimio lenyewe liliamuru hayo, wala sisahau ukame na bei ya mafuta ya miaka ile. Ninachodai ni kwamba andiko lililonyamaza kuhusu bei halikumwachia mkulima hoja ya kujitetea siku chombo chake kilipoondolewa. Alikuwa ameambiwa kwamba yeye ni msingi, na msingi haupigi kelele.

Je, soko huria ndilo jibu? Uganda ilivunja ukiritimba wa Coffee Marketing Board mwaka 1991, na sehemu ya bei ya nje inayomfikia mkulima ikaongezeka sana. Hilo ni kweli na lazima tulikubali. Katika mwaka wa fedha 2023/24 nchi iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1. Lakini karibu yote huondoka ikiwa mbichi, haijakaangwa. Wakulima wengi wa robusta huuza kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Wengine huuza maua: wanapokea fedha kidogo kutoka kwa mfanyabiashara kahawa ikiwa bado inachanua, kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilipatikana kwa njia hiyo. Msimu ule mvua haikukosekana na mama hakukosa bidii. Kilichokosekana ni mkopo wa miezi mitano usiomlazimisha mtu kuuza mti kabla haujazaa.

Ndiyo maana nausoma kwa makini pia mpango wa sasa wa maendeleo ya parishi, uliozinduliwa mwaka 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa hadi milioni 1. Azimio lingeuonya mpango huu kwamba unaanza na fedha, na onyo hilo lina uzito. Lakini nguzo ya kwanza kati ya nguzo zake saba inataja uzalishaji, hifadhi, usindikaji na masoko kwa pamoja, jambo ambalo Azimio halikulifanya. Tatizo ni kwamba vijijini watu huzungumzia milioni moja tu. Ghala na kinu havizungumzwi, na bila hivyo wakopaji wote wa parishi moja watapeleka zao lile lile kwa mnunuzi yule yule katika wiki ile ile.

Kwa kumalizia, naliona Azimio la Arusha kuwa andiko lililouliza swali sahihi, nani analipa deni la taifa, kisha likalijibu nusu. Hatupaswi kulitupa kwa sababu ya yaliyotokea baadaye, wala kulinukuu kama msahafu. Tulisome pamoja na madai ya wakulima wa 1949, maana kila upande una kilichopungua kwa mwenzake. Na kwa wenzangu tunaoandika kuhusu kilimo kwa Kiswahili, napendekeza tuupumzishe uti wa mgongo kwa muda. Badala ya kuandika kwamba kilimo kinalibeba taifa, tuandike kilo moja ya kiboko iliuzwa shilingi ngapi, nani aliipima, na ilikobolewa wapi. Hapo ndipo tutajua kama mchumia juani naye amekula.