Kivuli Kinachopanda: Flashi na Fani ya Rollei 35

Rollei 35 ilipotokea hadharani mwaka 1966, kwenye maonyesho ya Photokina mjini Köln, Ujerumani, kilichowashangaza watu ni udogo wake. Mbunifu wake, Heinz Waaske, alikuwa ameibana kamera kamili ya filamu ya milimita 35 ndani ya kasha lisilofika upana wa sentimita 10. Lenzi yake, Tessar ya milimita 40, huvutwa nje wakati wa kupiga picha na kurudishwa ndani kamera inapotiwa mfukoni. Ila kilichobanwa huku hutokeza kule. Juu ya kasha hapakubaki nafasi ya flashi, kwa hiyo mahali pa kuichomeka pakahamishiwa chini, kwenye kitako cha kamera.

Wenye kamera hii wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Mhakiki ana sababu ya kulishukuru. Flashi inapokaa juu ya lenzi, kazi yake hupita bila kutambuliwa, maana inaiga jua la mchana na taa ya dari: kivuli cha pua kinashuka mdomoni, kidevu kinatia shingo giza, nasi tunaona uso wa kawaida. Ikihamia chini, mpangilio wote unapinduka, na mtazamaji anatambua kwamba kumbe mwanga ulikuwa na mahali pake tangu mwanzo, na kwamba mahali hapo ni sehemu ya fani ya picha kama ulivyo mkao wa mtu au ukingo wa fremu.

Tusitie chumvi lakini. Flashi iliyo sentimita chache chini ya lenzi haimgeuzi mtu kuwa zimwi la sinema. Usoni mabadiliko ni madogo: shingo inapata mwanga, kivuli chembamba kinasogea juu ya pua. Ushahidi mkubwa uko ukutani. Mtu akisimama mita 1 mbele ya kamera, na ukuta ukawa mita 1 nyuma yake, flashi iliyo sentimita 10 chini ya lenzi hukipandisha kivuli chake sentimita 10 juu ya kichwa. Utepe mweusi unamzunguka utosini, kana kwamba kuna mtu wa pili anayechungulia nyuma yake. Akisogea na kuegemea ukuta, utepe huo unakaribia kutoweka. Akienda mbali na ukuta, kivuli kinapanda zaidi au kinamezwa na giza. Kwa hiyo hatua mbili za mtu aliyepigwa zinaweza kubadili picha kuliko kifaa chochote cha ziada.

Wengi huitatua shida hii kwa kuishika kamera kichwa chini. Negatifu haijui juu wala chini. Picha ikishasafishwa inageuzwa tu. Wengine huisimamisha kamera wima, na hapo kivuli kinaanguka ubavuni, kulia au kushoto kadiri mpigaji atakavyo. Ndiyo maana picha ya flashi iliyotoka kwenye Rollei 35 inafaa kusomwa kwa kuanzia kivulini. Upande kilikolala unatuambia mkono wa mpigaji uliamua nini kabla ya kidole kubonyeza.

Jambo la pili la kifani ni umbali. Rollei 35 ya asili haina kifaa cha kupimia masafa. Mpigaji hukadiria kwa jicho, kisha huzungusha pete ya lenzi hadi kwenye namba ya mita. Mchana, kadirio hilo linahusu ukali wa picha peke yake. Usiku, pamoja na flashi ya kawaida isiyojipima yenyewe, namba ileile inafanya kazi mara mbili. Flashi yenye nguvu ya namba 20 kwa filamu ya ISO 100 inahesabiwa hivi: gawanya 20 kwa mita. Mtu akiwa mita 2.5, tundu la lenzi ni f/8. Akiwa mita 5, ni f/4. Kipimamwanga cha kamera hakina neno hapa, kwa kuwa mmweko huo bado haujatokea kinapopima. Mpigaji anabaki na jicho lake na hesabu ya darasani.

Hesabu hiyo ina ukali wake. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Itazame meza ndefu ya harusi iliyopigwa kutoka mwisho mmoja: jamaa wa mbele ameungua kwa weupe, wa katikati yuko sawa, na wa mwisho ni macho mawili gizani. Hakuna aliyekusudia kuwapanga wageni kwa daraja, lakini picha imewapanga, na mtazamaji asiyejua atadhani aliye katikati ndiye mwenye shughuli. Hapo fani imezaa maudhui yake yenyewe, tena yasiyoombwa. Mpigaji mwenye kujua huisogelea meza kutoka ubavuni, ili wote wawe karibu katika umbali mmoja, au huuacha mporomoko huo wa mwanga ufanye kazi anayoitaka.

Kuona mporomoko huo ukitumiwa kwa ustadi, turudi nyuma ya Rollei 35, hadi Bamako mwaka 1963. Mpiga picha Malick Sidibé alikuwa akizunguka na flashi katika sherehe za vijana wa Mali, nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka 3 tu kabla. Katika picha yake mashuhuri ya mkesha wa Krismasi, Nuit de Noël, kijana aliyevaa suti na msichana aliye peku wanacheza dansi, vichwa vimeinama hadi vinakaribiana, macho yanafuata miguu. Giza limemeza mengi ya nyuma yao. Umati wa sherehe, ambao kwa mwanga wa mchana ungegombea jicho letu, umeondolewa na hesabu ileile ya robo. Wamebaki wawili na kipande cha ardhi wanachokikanyaga. Kwa kuwa nao wanatazama chini, macho yetu yanashuka pamoja nao hadi kwenye nyayo, na huko ndiko dansi iliko.

Ngozi nyeusi nayo inaidai flashi usomaji wake. Inasemwa mara nyingi kwamba flashi ya mbele hubapaza uso kwa kufuta vivuli. Ni kweli nusu. Kwenye ngozi nyeusi, hasa yenye jasho la dansi, umbo la uso halitegemei kivuli peke yake: mng'ao wa paji, wa shavu na wa ncha ya pua ndio unaochora mifupa. Mpigaji anayeogopa mng'ao huo na kuufuta kwa poda anaweza kuwa anafuta mchoro wenyewe.

Limebaki suala la wakati. Mmweko wa flashi ya elektroniki ni mfupi kuliko kasi yoyote ya shata ya Rollei, kwa hiyo kasi ya shata haibadilishi kitu kwa mtu aliyemulikwa. Inaamua kiasi gani cha taa za ukumbini kitaingia. Kwa 1/500 taa zote zinazimika na mtu anaelea katika weusi. Kwa 1/15 balbu zinaingia na kuacha michirizi, huku uso uliomulikwa ukibaki umetulia. Fremu moja inabeba nyakati mbili, ule wa mmweko na ule wa chumba.

Je, flashi ya kitakoni ni kosa la ubunifu? Kwa picha ya ukoo uliosimama mbele ya ukuta mweupe, ndiyo, na dawa ni kuipindua kamera. Lakini hukumu hiyo imejengwa juu ya nyumba yenye taa ya dari. Watu walioketi mkekani na koroboi ikiwa sakafuni wamezoea vivuli vyao kupanda ukutani na kuwazidi kimo. Kwao mwanga wa chini ni mwanga wa maongezi ya usiku. Mpigaji wa watu waliokaa chini namna hiyo anaweza kuiacha Rollei bila kuipindua, kama ilivyotoka kiwandani, naye atakuwa sahihi. Kosa linaanza pale kivuli kinapopanda ilhali hakuna kitu katika picha, si mkao wala mahali, kinachokihitaji.