Hongera Walinzi wa Whenua Hou

Kakapo wa New Zealand ndiye kasuku mzito kuliko wote duniani. Hawezi kuruka, na akishtuka huganda palepale. Mbinu hiyo ilimfaa mbele ya ndege wawindaji wanaotegemea macho. Lakini paka na panya hufuata harufu, na harufu ya kakapo ni kali. Kufikia 1995 kakapo walikuwa wamebaki 51 tu.

Ndipo inapoonekana thamani ya wahifadhi wa kisiwa cha Whenua Hou, ambako kakapo hulindwa. Mwaka 1998 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu ya panya kisiwa kizima, bila kuacha pembe, kwani panya dume na jike wakisalia, kazi yote ni bure. Baadhi ya popo adimu walitunzwa kando kwanza wasidhurike.

Ulinzi haukuishia hapo. Mizigo ya kila anayekwenda kisiwani hupekuliwa, viatu husafishwa, hata mbegu iliyonasa kwenye soksi hung'olewa.

Panya walipoondoka, viota vya kakapo vilipata usalama. Walinzi wakaendelea kukesha wakivilinda na kuwapa ndege chakula cha ziada. Mwaka 2022 kakapo wote walifika 252.

Wahifadhi hawa wanastahili pongezi zetu zote, na serikali zenye visiwa ziwape watu wa kazi hii fedha na muda wa kutosha.