Shetani Mwenye Alama 199

Mwaka 1996 nilikaa miezi minne kwa dada yangu huko Minneapolis, na katika miezi hiyo nilimwibia mpwa wangu kitabu. Nasema nilimwibia kwa sababu sioni neno jingine. Alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Kitabu chenyewe kilikuwa kikuukuu, alikinunua katika duka la mitumba: Monster Manual cha Gary Gygax, cha mwaka 1977. Nilikifungua penye ukurasa wa Asmodeus, mfalme wa mashetani, nikakifunga upesi na kukificha sandukuni chini ya mashati yangu.

Hofu ile sikuwa nayo peke yangu. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulianza kuuzwa mwaka 1974, na miaka ya themanini uliandamwa sana huko Marekani. Mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, ambaye mwanawe alijiua mwaka 1982, aliushitaki. Kesi ikatupwa, lakini sauti yake ilifika mbali. Wenye mchezo nao wakaogopa. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliwaacha mashetani nje, na waliporudishwa mwaka 1991 walikuja na majina ya kubuni: baatezu na tanar'ri. Ndiyo maana mpwa wangu alihangaika kutafuta kitabu cha zamani. Alitaka majina yenyewe.

Siku ya tatu alinijia. "Shikamoo, Mjomba. Hujakiona kitabu changu?" Nikamwambia kwamba ni kitabu cha shetani na kwamba namlinda. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Umekisoma?"

Mimi niliyefundisha fasihi miaka kumi na minane, niliyewakaripia wanafunzi kwa kuhukumu riwaya kwa jalada lake, sikuwa na la kujibu. Usiku ule nikakisoma.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa hesabu. Mchezo huu huchezwa mezani: mmoja husimulia, wengine husema kwa niaba ya wahusika wao, na panapokuwa na shaka dadu huamua. Kwa hiyo kila kiumbe lazima kiwe na tarakimu. Asmodeus ana alama za uhai 199. Geryon, mkubwa mwenzake wa ngazi ya chini, ana 133. Nilicheka peke yangu gizani. Nyumbani Tanga bibi yangu alikuwa na pepo, na alipopanda kichwani aliulizwa jina lake na anataka nini, akafukiziwa ubani, akapewa kanga yake nyekundu, wakaelewana. Hakuna aliyefikiri kumpima nguvu. Shetani wa bibi alikuwa mtu wa kuishi naye. Shetani wa Gygax ni mtu wa kumaliziwa alama zake. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kumvunjia ibilisi heshima kuliko kumpa namba, na watu wa dini waliokichoma kitabu hiki pengine wangekipenda kama wangefika ukurasa ule.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kasoro nyingine, iliyo kubwa zaidi. Jehanamu hii ina tabaka tisa, na chapa ya Dante iko kila mahali. Mashetani wenye pembe wanaitwa malebranche, jina lililotoka kwake moja kwa moja. Tabaka la sita likaja kuitwa Malbolge. La nane, Cania, ni barafu tupu. Mwaka 1983 Ed Greenwood alieleza matabaka hayo kwa urefu katika jarida la Dragon, akataja wakuu, wake zao, makamanda na mahasimu wao. Kazi ya kupendeza, sikatai. Ila Dante aliijaza jehanamu yake watu: jirani, papa, mwalimu wake mwenyewe, kila mmoja na kisa chake na kosa lake. Hapa wafanyakazi wa jehanamu wamebaki, wafungwa wametoweka. Roho zilizohukumiwa ni lemure, mabonge ya nyama yasiyo na umbo wala kumbukumbu. Utamwuliza nani alifanya nini? Kilichobaki ni ofisi: vyeo, fitina, kupandishwa daraja na kushushwa.

Nilimrudishia kitabu asubuhi. Hakunishukuru, wala hakupaswa. Aliniuliza kama ningependa kukaa mezani Jumamosi, nikakaa, na mhusika wangu aliuawa na lemure kabla chai haijapoa.

Majina ya zamani yalirudi katika toleo la mwaka 2000. Lile woga la mwaka 1989, kwa maoni yangu, halikumkinga mtoto yeyote na lolote. Hata hivyo nakiri kwamba lilizaa jambo. Katika Planescape ya mwaka 1994 waandishi, kwa kuwa walikwisha kunyimwa vitisho vya rahisi, waliwafanya mashetani wabishi na wenye hoja, na ubishi wao unatisha kuliko pembe.

Mwaka 2019 mpwa wangu, sasa baba wa watoto wawili, alinipostia Baldur's Gate: Descent into Avernus. Tabaka la kwanza linatawaliwa na Zariel, aliyekuwa malaika, akapotea kwa pupa ya kupigana na uovu. Huyu nilimwelewa. Na kuna mji unaoitwa Elturel, unaoburutwa mzima mzima hadi jehanamu kwa sababu kiongozi wake, Thavius Kreeg, alitia sahihi mkataba na Zariel. Wauza mboga, watoto, wagonjwa, wote wanafungwa na karatasi ambayo hawakuiona.

Hapo niliacha kusoma nikasimama. Kwa miaka mingi nililalamika kwamba mkataba wa shetani katika michezo hii ni jambo la mtu mmoja na tamaa yake, anasaini, analipa, basi. Mtoto yeyote wa shule Tanzania anajua mkataba wa aina nyingine. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara na makaratasi yake, Mangungo wa Msovero akatia alama, na nchi ikaondoka chini ya miguu ya watu waliokuwa shambani. Waandishi wa Elturel pengine hawajapata kusikia habari za Msovero. Wameufikia ukweli ule kwa njia yao, kisha, kwa bahati mbaya, wanauacha haraka ili wachezaji waendeshe magari ya chuma jangwani na kupigana.

Nilimwandikia mpwa wangu kurasa tatu juu ya Mangungo. Alijibu kwamba ameisogeza safari ya magari, na kwamba Jumamosi hiyo wataanzia sokoni Elturel, asubuhi, saa moja kabla ya mji kuanguka.